Mizani ya mwili na funga ya mgonjwa wa kisukari

Kila mwaka mwezi wa Shaaban unapofika katikati, swali moja huanza kusikika misikitini, madrasani na hata kwenye vijiwe vya kahawa. Swali lenyewe ni la mgonjwa wa kisukari: je, afunge au asifunge? Majibu yake nayo huwa ni yale yale. Wako wanaomwambia afunge tu, kwani funga haijapata kumdhuru mtu. Na wako wanaomwambia asijaribu kabisa, kwani mwenye kisukari hana funga. Makundi yote mawili hujibu haraka, na aghalabu hakuna kati yao aliyejiuliza mwili wa huyo mgonjwa unafanya kazi gani kati ya alfajiri na magharibi.

Makala hii inakusudia kulitazama swali hilo kwa kuanzia pale panapostahiki, yaani kwenye somo la namna mwili wa binadamu unavyojiendesha. Mwandishi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu na si tabibu, hivyo hapa hakusudii kumwandikia mtu dawa. Lakini hukumu ya kisheria hujengwa juu ya kulielewa vizuri lile jambo linalohukumiwa. Asiyeelewa kinachotokea ndani ya mwili wa mfungaji hawezi kusema kwa uhakika nani mgonjwa mwenye ruhusa na nani mvivu anayetafuta kisingizio.

Nini maana ya mizani ya mwili?

Mfaransa Claude Bernard (1813-1878) ndiye aliyeweka msingi wa somo hili. Alibainisha kuwa seli za mwili haziishi katika hewa hii ya nje tunayoiona, bali zinaishi ndani ya majimaji yanayozizunguka, na kwamba uhai wa kiumbe unategemea majimaji hayo kubaki katika hali isiyobadilika ovyo. Mwaka 1926 Mmarekani Walter Cannon, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, akaipa hali hiyo jina la homeostasisi. Sisi tunaweza kuiita mizani ya ndani ya mwili.

Hebu tutazame vipimo vichache. Joto la ndani ya mwili wa mtu mzima wa afya hukaa karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, awe Dar es Salaam wakati wa kaskazi au awe Ulaya wakati wa theluji. Kipimo cha ukali wa damu, yaani pH, hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Sukari ya damu kabla ya kula huwa kiasi cha milimoli 4 hadi 5.5 kwa lita. Madini ya sodiamu, ambayo tunayapata kwenye chumvi, huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita ya damu. Mtu hula wali leo na kesho akala samaki, hunywa maji mengi siku moja na siku nyingine akasahau, lakini vipimo hivi havihami mbali na mahali pake.

Vipi jambo hili linawezekana? Chukua mfano wa tangi la maji la nyumbani lenye boya. Maji yakipungua, boya hushuka na kuifungua koki. Maji yakijaa, boya hupanda na kuifunga. Hakuna mtu anayesimama pale kulinda, na bado tangi halimwagiki wala halikauki.

Mwili nao una maboya ya namna hiyo, tena mengi. Kila moja lina sehemu tatu: kinachohisi badiliko, kinachoamua, na kinachotenda. Na jambo la msingi la kushika ni hili: jibu la mwili kwa kawaida huenda kinyume na badiliko lenyewe. Kilichopanda hushushwa, na kilichoshuka hupandishwa.

Joto na maji

Katika ubongo, kwenye sehemu ya chini inayoitwa haipothalamasi, kuna kituo kinachopima joto la damu. Joto likizidi, kituo hicho huamuru mishipa midogo ya ngozi itanuke ili damu ya moto ifike karibu na nje, na tezi za ngozi zitoe jasho. Jasho linapokauka huondoka na joto. Wenyeji wa pwani wanalijua jambo hili kwa mtungi wa udongo: maji yake huwa baridi kwa sababu unyevu unaopenya nje ya mtungi hukauka na kuondoka na joto. Joto likipungua, amri hugeuka: mishipa ya ngozi hubana na misuli huanza kutetemeka ili izalishe joto.

Lakini jasho ni maji, na maji hayo yanatoka kwenye akiba ya mwili. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Damu ikianza kuwa nzito kwa asilimia moja au mbili tu kupita kawaida, haipothalamasi hufanya mambo mawili. Kwanza, humfanya mtu asikie kiu. Pili, husababisha homoni kumwagwa kwenye damu, ambayo huziamuru figo zibane maji.

Figo mbili za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kwa siku, lakini mkojo unaotoka kwa kawaida ni lita moja au mbili. Yote mengine hurudishwa kwenye damu. Ndiyo maana mfungaji huona mkojo wake alasiri umekuwa kidogo na rangi yake imekolea. Hiyo kwa mtu mzima si alama ya ugonjwa, bali ni figo zinazotii amri.

Sukari: kijiko kimoja cha chai

Sasa tuje kwenye sukari, ambayo ndiyo kiini cha mada yetu. Mtu mzima ana kiasi cha lita tano za damu, na sukari yote iliyomo ndani ya damu hiyo kabla ya kula ni gramu tano hivi, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia kiasi cha gramu 120 za sukari kwa siku, ambazo ni gramu tano kwa saa. Kwa hesabu hiyo, lau pasingekuwa na kinachorudishia, ubongo ungeimaliza sukari yote ya damu ndani ya saa moja. Kwa upande wa pili, sahani moja ya wali inaweza kuingiza gramu 50 au zaidi za wanga, ambao wote huishia kuwa sukari. Lau pasingekuwa na kinachoipunguza, mlo mmoja ungeipandisha sukari ya damu mara kumi.

Anayezuia hatari zote mbili ni kongosho akishirikiana na ini. Mtu akishakula na sukari ikapanda, kongosho humwaga homoni ya insulini. Insulini huziamuru seli za misuli na mafuta zipokee sukari, na huliamuru ini liiweke akiba. Ini la mtu mzima huweza kuhifadhi kiasi cha gramu 100 za akiba hiyo, inayoitwa glikojeni. Saa zikipita bila chakula na sukari ikaanza kushuka, kongosho hupunguza insulini na kumwaga homoni nyingine iitwayo glukagoni, ambayo huliamuru ini lifungue ghala. Sukari ikishuka zaidi, adrenalini nayo huingia kazini. Hapo ndipo mtu hutetemeka, hutokwa na jasho la baridi, moyo humwenda mbio na njaa humshika ghafla. Dalili hizi ni kengele ya mwili kumwambia mwenyewe: kula.

Mwili wa mfungaji mwenye afya

Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, funga huchukua kiasi cha saa 13. Kwa saa tatu au nne za mwanzo, mwili huendeshwa na daku. Baada ya hapo ini huanza kufungua ghala lake kidogo kidogo. Kuelekea alasiri mwili huongeza kuchoma mafuta, na ini hutengeneza sukari mpya kutokana na vitu vingine ili ubongo usikose. Magharibi inapoingia, mfungaji amechoka na ana kiu, lakini sukari yake ya damu bado imo ndani ya mipaka.

Kwa hiyo kwa Mwislamu mwenye afya, funga ni zoezi ambalo mwili wake umeumbwa na uwezo wa kulibeba. Mwenye kudai kuwa saa 13 bila chakula zinamuua mtu mzima mwenye afya, hana hoja ya kitaalamu. Hilo liwe wazi, kwani katika miji yetu wapo vijana wenye nguvu wanaokula mchana wa Ramadhani kwa kisingizio cha vidonda vya tumbo ambavyo havijapata kupimwa.

Boya likikatika

Kisukari ni ugonjwa wa kuharibika kwa boya hili. Katika aina ya kwanza, seli za kongosho zinazotengeneza insulini zimeharibiwa, na mgonjwa huishi kwa sindano za insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, insulini ipo lakini mwili hauitii vizuri, na miaka ikienda kongosho nalo huchoka.

Ndugu msomaji, hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na lau tungelijua tungeogopa kutoa fatwa za barabarani. Insulini inayotoka kwenye kongosho huisikiliza damu: sukari ikishuka, kongosho huacha kuimwaga. Insulini ya sindano haisikilizi. Ikishaingia mwilini itafanya kazi yake mpaka iishe, awe mtu amekula au amefunga. Vivyo hivyo baadhi ya vidonge, kama glibenklamaidi, hulisukuma kongosho kumwaga insulini hata kama tumbo ni tupu. Vidonge vingine, kama metformini, vikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Hii ina maana kwamba wagonjwa wawili wa kisukari waliokaa safu moja msikitini wanaweza kuwa na hatari zilizo mbali sana, kwa sababu tu ya dawa wanazotumia.

Ni sawa na tangi ambalo boya lake limekatika na mwenye nyumba analazimika kufungua na kufunga koki kwa mkono. Anaweza kuliendesha vizuri kwa miaka mingi, lakini lazima awe macho. Na mgonjwa huyu akimeza dawa zake kama kawaida kisha akakaa saa 13 bila kula, ameifungua koki akaenda zake.

Hatari ni za pande mbili. Upande wa kwanza ni sukari kushuka. Ikienda chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mtu ameingia kwenye hatari, na ikiendelea kushuka ubongo hukosa chakula: mtu huchanganyikiwa, huongea ovyo, huzimia, na anaweza kufa. Wenye kisukari cha muda mrefu wana balaa la ziada, kwani kengele ya adrenalini kwa wengi wao huwa imedhoofika. Hawatetemeki wala hawatokwi jasho, wanaanguka tu.

Upande wa pili ni sukari kupanda. Mgonjwa wa aina ya kwanza anayeacha sindano kwa kuwa "leo sili" hufanya kosa kubwa. Bila insulini seli hazipokei sukari hata ikijaa kwenye damu, na mwili huchoma mafuta kupita kiasi na kuzalisha tindikali ziitwazo ketoni. Ile pH ya damu tuliyoitaja huanza kushuka, mgonjwa huhema kwa nguvu na haraka kujaribu kuitoa tindikali hiyo, hutapika, na asipowahishwa hospitali hufa. Wakati huo huo sukari iliyozidi hutoka na mkojo ikivuta maji mengi, na mfungaji hana ruhusa ya kunywa kufidia.

Haya si ya kudhania. Katika Ramadhani ya mwaka 2001 ulifanyika utafiti mkubwa ulioitwa EPIDIAR, uliohusisha wagonjwa wa kisukari 12,243 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi. Ilibainika kuwa katika wagonjwa wa aina ya pili, kiasi cha watu 79 katika kila 100 walifunga angalau siku 15. Matukio ya sukari kushuka vibaya kiasi cha kuhitaji msaada wa hospitali yaliongezeka kiasi cha mara 4.7 kwa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa aina ya pili, yakilinganishwa na miezi mingine.

Takwimu hizo zisomwe kwa uadilifu. Kwa aina ya pili, ongezeko hilo lilitoka kwenye kiwango kidogo sana, chini ya tukio moja kwa wagonjwa 100 kwa mwezi, likafika matukio kama matatu. Maana yake ni kuwa wengi walifunga salama, na wachache wakaingia kwenye hatari ya kufa. Kwa hiyo anayesema "wote wafunge" amekosea, na anayesema "wote wasifunge" naye amekosea.

Sheria imesema nini?

Waislamu hatukuachwa gizani katika jambo hili. Aya ya 184 na ya 185 za Sura Al-Baqara zimemtaja mgonjwa na msafiri pamoja na ile ile amri ya funga, zikawapa nafasi ya kulipa siku nyingine, na zikaeleza kuwa Mwenyezi Mungu (s.w.) anawatakia waja wake wepesi. Ruhusa hii haikuja baadaye kama huruma ya wanadamu, bali ni sehemu ya sheria yenyewe. Aliyeipokea kwa haki amemtii Mola wake kama alivyomtii aliyefunga.

Imepokewa na Jabir (r.a.), katika Sunan ya Abu Daud, habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliwalaumu vikali, akaeleza kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa na pupa ya ibada, na hawakujua maji yanafanya nini kwenye jeraha la kichwa. Tofauti yao na anayemwambia mgonjwa wa sindano "funga tu, Mungu yupo" ni ipi?

Wapo pia wanaoitegemea kauli mashuhuri inayoihusisha funga na kupata siha. Wanazuoni wa hadithi wameitaja isnadi yake kuwa dhaifu. Na hata kama maana yake ingekubalika kwa mwenye afya, haiwezi kuifuta ruhusa iliyomo ndani ya Qur'an kwa aliye mgonjwa.

Nini kifanyike?

Kwa muhtasari, mgonjwa wa kisukari na jamaa zake wazingatie mambo yafuatayo:

1. Amuone daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, si usiku wa kuandama mwezi. Amuulize mambo mawili: je, niko kwenye kundi la hatari, na kama naweza kufunga, dawa zangu zibadilishwe vipi saa na kiasi? Asijibadilishie mwenyewe. Kisha amuulize mwanazuoni kuhusu hukumu yake.

2. Kwa kawaida walio kwenye hatari kubwa ni wenye aina ya kwanza, wenye sukari isiyotulia, wenye figo zilizoathirika, na waliopata kuanguka kwa sukari kushuka siku za karibuni.

3. Anayeruhusiwa kufunga apime sukari mchana. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamesema kuchoma kidole kwa ajili ya kipimo hakufunguzi. Ikiwa chini ya milimoli 3.9, au ikipita 16.6, afungue saa hiyo hiyo, hata kama zimebaki dakika kumi kabla ya adhana.

4. Aliyeshukwa na sukari na bado ana fahamu apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, na apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

5. Daku icheleweshwe, kama ilivyo sunna, na iwe na vyakula vinavyokaa tumboni kama kunde na maharage. Kufuturu kwa tende na maji kuna mafundisho ya Mtume (s.a.w.), lakini ni tende chache na maji. Sinia la kaimati zilizolowa shira, tambi za sukari na juisi si sunna, na kwa kongosho lililochoka ni mzigo.

6. Asiyeweza kufunga kwa maradhi yanayotarajiwa kupona atalipa baadaye. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona atatoa fidya ya kulisha masikini mmoja kwa kila siku. Familia zisimnyanyapae wala zisimfiche jikoni kama mtu aliyefanya dhambi.

Hili la mwisho ndilo linalouma zaidi. Wazee wetu wengi wanajua hali zao na wamekwishaambiwa na madaktari, ila wanaogopa macho ya watoto na majirani. Mzee aliyefunga Ramadhani 50 za maisha yake huona haya kuombewa maji mchana. Ni juu ya maimamu na walimu kulisema jambo hili mimbarini mapema, kwa sauti ile ile tunayotumia kuwakemea wanaokula bila udhuru. Na ni juu ya watoto kumwambia baba au mama, kwa adabu na faraghani, kwamba fidya yake tayari imeshatengwa.

Mwili ni amana, na umewekewa mizani inayofanya kazi usiku na mchana bila sisi kuiamuru. Kwa mwenye afya, mizani hiyo inatosha kubeba funga, basi na afunge na ashukuru. Kwa ambaye mizani yake imeharibika, Muumba wake amekwisha kumpa ruhusa.

Wallahu aalam.